Siku ya Kwanza ya Dawa ya Kansa: Namna ya Kumusaidia Mutoto Wako



Kurasa hizi ni kwa ajili ya baba na mama ambao munganga amewaambia kwamba mutoto wao ana ugonjwa unaoitwa Burkitt, na kwamba kesho au kesho kutwa ataanza kupewa dawa. Ikiwa kansa ya mutoto wako ni ya namna ingine, mambo mengi yaliyo hapa yatakufaa vilevile, lakini uliza kwanza, kwa sababu dawa zote hazifanani.

Mara nyingi ugonjwa huu unaanza kwa taya. Jino linalegea, mama anafikiri ni meno ya kitoto tu. Kisha shavu linavimba, na jino lingine linalegea. Kwa watoto wengine unaanza ndani ya tumbo, au jicho linasukumwa mbele. Unakua upesi sana. Chembe zake zinaweza kuongezeka mara mbili kwa muda wa siku moja au mbili, ndiyo maana mutoto aliyekuwa akicheza kwenye Pasaka anaweza kuletwa hapa kabla ya Pentekoste akiwa hawezi kufunga kinywa. Unawapata zaidi watoto wenye miaka 4 hata 9 hivi, katika sehemu za joto zenye malaria nyingi.

Watu wanauliza: nani alimufanyia hivi? Hakuna mutu. Kuna virusi moja ambayo karibu kila mutu anaipata katika utoto wake, na wengi haiwafanyi neno. Lakini mutoto ambaye malaria inamurudilia mara kwa mara, ulinzi wa mwili wake unachoka, na chembe moja ya damu inaweza kupotea njia na kuanza kuzaana bila kipimo. Si laana, si kijicho cha jirani, si malipo ya zambi ya baba. Wala hauambukizi. Watoto wako wengine wanaweza kula naye sahani moja na kulala naye mukeka mumoja.

Jina la ugonjwa limetoka kwa munganga Denis Burkitt, mutu wa Ireland, aliyekuwa mupasuaji katika hospitali ya Mulago kule Kampala. Mwaka wa 1957 alionyeshwa mutoto mwenye uvimbe pande zote mbili za taya, akashangaa. Mwaka wa 1958 akaandika habari za watoto wa namna hiyo. Mwaka wa 1961 alisafiri kwa motokari pamoja na wanganga wawili, Ted Williams na Clifford Nelson, karibu majuma 10, kilometa kama 16,000, wakienda hospitali kwa hospitali na kuonyesha picha: Munamuona mutoto kama huyu kwenu? Huyo Williams alikuwa munganga wa hospitali ya misioni ya Kuluva, karibu na Arua, si mbali na mupaka wetu wa Kongo. Mwaka wa 1964 Epstein, Achong na Barr kule London waliiona ile virusi katika chembe za uvimbe zilizotoka Uganda. Ninaandika haya ili mujue kwamba ugonjwa huu ulijulikana kwanza kwa kuwaangalia watoto wa hapa karibu, na kwamba dawa zake zilijaribiwa mapema kwa watoto kama wenu, nao wakapona.

Sasa tuseme juu ya dawa. Wanganga wanaiita kemoterapia. Watu wengi wanasema shimio tu. Dawa ya kwanza mara nyingi ni siklofosfamidi, inayopitishwa katika mushipa. Mara nyingi inafuatana na ingine inaitwa vinkristini, iliyopatikana kutoka kwa ua la Madagaska, lile ua dogo la rangi ya waridi ambalo watu wanalipanda pembeni ya nyumba, hata mbele ya makanisa. (Tafazali, mutu asiende kuchuma ua lile na kulichemsha. Kipimo cha dawa hii ni kidogo sana, na kikizidi kinaua.) Dawa nyingine inaweza kupigwa katika mugongo, ili ugonjwa usijifiche katika ubongo.

Dawa hizi zinatafuta chembe zinazozaana upesi. Uvimbe unazaana upesi, kwa hiyo unapigwa sana. Lakini nywele nazo zinaota upesi, na ngozi ya ndani ya kinywa, na ya matumbo, na damu inayotengenezwa ndani ya mifupa. Hizo zote zinapigwa kidogo pamoja na uvimbe, kisha zinaamuka tena zenyewe. Ukishika neno hili moja, mambo mengi utakayoyaona hayatakutisha.

Mbele ya siku yenyewe, mwambie mutoto kweli. Ninasema hivi kwa nguvu, kwa maana nimeona wazazi wazuri, wenye kuomba asubuhi na jioni, wakimudanganya mutoto wao na kumwambia wanakwenda sokoni. Mutoto anapoona sindano, anajua kwamba mama amesema uongo, na tangu siku hiyo kila mukono unaomukaribia ni wa adui. Atapigana nasi mara ya pili na ya tatu, na dawa hizi zinarudiliwa mara nyingi. Mwambie maneno machache: Kuna sindano. Itauma kidogo kama siafu, kisha itakwisha. Unaweza kulia. Mimi sitaondoka. Halafu usiondoke.

Kwa hiyo jamaa ipatane mapema ni nani atakayeketi naye. Katika chumba cha dawa tunakubali mutu mumoja, si watano. Achaguliwe yule ambaye mutoto anatulia akimuona, hata kama si yule mukubwa wa jamaa. Mara nyingi ni mama. Lakini, ninyi baba, musifikiri kazi yenu ni kulipa na kurudi nyumbani. Nilimuona mutoto wa miaka 6 akishika kidole kimoja cha baba yake tangu sindano ilipoingia hata seromu ilipokwisha, na yule baba, mutu wa kuchimba dhahabu, mukali kwa sura, hakusogeza kidole kile hata kufukuza nzi. Mutu wa pili wa jamaa abaki inje ya mulango. Yeye atachota maji, atapika, atakwenda labo na karatasi, na usiku atamupokea yule wa kwanza ili alale kidogo. Mama asiyelala siku tatu hawezi kusikia tunalomwambia.

Leteni bidoni safi ya maji yaliyochemshwa, kikombe ambacho mutoto anakipenda, beseni, vitambaa vitatu au vine, blanketi, chandarua, na kitu cha kuchezea, hata kama ni motokari ya mabua.

Kabla ya dawa munganga atapima damu ya mutoto, atatafuta malaria na kuiponya, na atamupima uzito, kwa maana kipimo cha dawa kinatoka kwa ukubwa wa mwili wake. Atamutilia seromu ya maji tu, saa nyingi. Musinungunike na kusema, Tumefika tangu jana na hawajaanza. Wameanza. Uvimbe ukipigwa unakufa kwa haraka, na takataka zake zote zinaingia katika damu na kupita katika figo. Figo zisipokuwa na maji mengi zinaziba, na mutoto anaweza kufa kwa kuwa dawa imefanya kazi vizuri kupita kiasi. Kwa sababu hiyo pia wanamupa kidonge kinachoitwa alopurinoli. Asikikose.

Dawa yenyewe inapopita, mutoto hasikii kitu kikubwa. Kazi yako ni kuangalia mukono. Akisema panachoma, au ukiona ngozi inavimba pale sindano ilipoingia, ita muuguzi palepale. Usingoje kwa adabu. Dawa ikitoka inje ya mushipa inaunguza nyama. Hakuna muuguzi mwenye akili atakayekasirika kwa kuitwa bure. Ikiwa ni sindano ya mugongo, tutamulaza kwa ubavu, magoti karibu na kidevu, kama kifaranga ndani ya yai. Mushike kichwa, weka uso wako mbele ya uso wake, na uzungumuze naye juu ya mambo ya nyumbani: mbuzi wamezaa, dada yake ameanza masomo. Kuimba ni kuzuri, kwa sauti ndogo. Akitingizika sindano inakosa njia, ndiyo maana utulivu wako unatusaidia kuliko mikono ya watu wanne wenye kumukandamiza. Baadaye alale chali saa moja hivi, au kama munganga atakavyosema.

Wazazi wengi wanaona jioni mutoto ametulia, wanasema: Kumbe ni hii tu. Ngojeni usiku. Kutapika kwa siklofosfamidi kunaweza kuanza saa nyingi baada ya dawa kupita. Kuna dawa ya kuzuia kutapika. Iombeni mapema, na mutoto aimeze kabla hajaanza, si baada ya tumbo kugeuka. Kisha mumupe kunywa kidogo kidogo, vijiko viwili vitatu, baada ya dakika chache tena. Uji mwepesi uliopoa unakaa tumboni kuliko uji wa moto. Akikataa bugali na sombe usiku ule, musimulazimishe. Lakini kunywa hakuachwi. Na mumwamushe akojoe, hata kama analala vizuri, kwa maana dawa ile ikikaa katika kibofu inakichubua. Mukiona mukojo mwekundu, au mukojo umekauka tangu jioni hata usiku wa manane, au mutoto anajikunja na kutetemeka mikono, mwite muuguzi wa usiku. Mugonge mulango wake.

Matapishi na mukojo vya siku mbili za kwanza vina dawa ndani. Anayevimwaga avae gla za mpira, au mufuko wa plastiki usio na tundu, avitupe ndani ya choo, kisha anawe kwa sabuni. Mwanamuke mwenye mimba asifanye kazi hiyo. Hiyo haina maana kwamba mutoto ni wa kuogopwa. Mumupakate, mumubusu, mulale karibu naye.

Baada ya siku chache mutaona jambo la furaha, nitalisema mbele kidogo. Kwanza niseme juu ya hatari inayokuja nyuma yake. Kati ya siku ya 7 na ya 14 hivi, damu nyeupe zinazopigana na magonjwa zinapungua sana. Wakati ule homa si homa ya kawaida. Mutoto akiwa na joto la 38 au zaidi, hata kama anacheza, aletwe hospitali saa ileile, muchana au usiku. Musimupe parasetamoli kwanza ili kungoja asubuhi, kwa maana inaficha joto na ugonjwa unaendelea chini yake. Aspirini asipewe kabisa, inaleta kutoka damu. Wala musimupige lavema. Ninajua kwamba nyumba nyingi zetu zina ile pampu ndogo, na kwamba bibi wazuri wametulea nayo sisi wote. Lakini ngozi ya ndani ya matumbo imekuwa nyembamba, na wadudu wanapita pale na kuingia katika damu. Vinkristini inaleta kufunga choo, ndiyo maana watu wanakimbilia lavema. Mumupe maji, paipai lililomenywa kwa mikono safi, na mutuambie. Tuna dawa ya kulainisha. Chale nazo zingoje, na dawa za miti za kunywa pia. Mukiwa mumekwisha kumupa kitu, semeni. Hatutawafukuza.

Kinywa kikitoka vidonda, asukutue kwa maji yenye chumvi kidogo, yaliyochemshwa, baada ya kila chakula. Nywele zinaanza kutoka kwa juma la pili au la tatu. Kwa mutoto mudogo si neno kubwa, lakini binti wa miaka 10 analia, na watoto wa masomo wanacheka. Mama mumoja alimufunga binti yake kitambaa kizuri, akajifunga na yeye cha namna ileile, na Siku ya Mungu wakaingia kanisani wote wawili. Nywele zinarudi dawa zikiisha.

Ninyi ndugu wa kanisa, nina maneno yenu pia. Munakumbuka habari katika Marko sura ya 2, watu wanne waliomubeba mugonjwa wa kupooza. Hatuambiwi walisema maneno gani. Tunaambiwa walibeba, na nyumba ilipojaa watu walipanda na kufungua paa, na Bwana aliiona imani yao wao wabebaji. Ninafikiri mara nyingi kwamba yule mugonjwa angebaki palepale kama rafiki zake wangekuja tu kuketi pembeni ya kitanda na kuuliza: Ilianza namna gani? Na munganga amesema atapona?

Mama anayelala hapa ana shamba lenye majani, watoto watatu kwa jirani, na deni la moto iliyomuleta. Anayelima kipande cha shamba lile amemusaidia mutoto huyu kupata dawa ya pili, kwa sababu bila yeye mama atarudi kulima. Mashemasi wapange zamu: nyumba fulani inaleta chakula siku ya kwanza, ingine siku ya tatu, kilichopikwa vema na kufunikwa, kingali cha moto. Matunda ya kumenywa ni mazuri. Mboga mbichi zibaki nyumbani. Mutu mwenye kikohozi au mafua aombe akiwa kwake; Mungu anasikia kutoka kule. Na damu: ndugu wawili au watatu wenye nguvu wajulikane mapema, wakubali kupimwa, ili mutoto akipungukiwa tusianze kutafuta watu usiku.

Mukiomba naye, ombeni kwa ufupi na kwa sauti ya kawaida. Musimwambie mama kwamba imani yake ni ndogo kwa kuwa amekubali sindano.

Sasa nitaje lile jambo la furaha, na kosa langu mwenyewe. Baada ya sindano ya kwanza, uvimbe wa Burkitt unaweza kuyeyuka kama mafuta juani. Siku ya tatu shavu limelegea, siku ya tano mutoto anakula, kwa juma moja au mawili uso wake umerudi karibu kama zamani. Miaka mingi iliyopita tulimupokea kijana wa miaka 7 ambaye taya lake lilikuwa limefika karibu na jicho. Baada ya dawa ya kwanza uso wake ulirudi. Mimi, kwa furaha, nilimusimamisha mbele ya kanisa na kusema: Tazameni, Bwana amemuponya. Watu walipiga makofi, bibi yake aliimba na kulia. Juma lililofuata niliuliza habari zake. Walikuwa wamekwisha kurudi kijijini, mwendo wa siku mbili. Nilituma barua. Bibi alijibu kwa heshima kubwa kwamba mutumishi wa Mungu mwenyewe ametangaza kupona mbele ya watu wote, na hawawezi kumurudisha mutoto kwa sindano kama watu wasioamini. Walimuleta mwezi wa tatu. Uvimbe ulikuwa umerudi ndani ya tumbo na katika ubongo, na dawa zilezile hazikuushika tena. Tulimuzika hapa, nyuma ya kanisa, na bibi yake hakunilaumu kwa neno lo lote.

Tangu siku ile ninasema mbele ya kanisa: Bwana ameanza, tuombe hata amalize. Uvimbe usioonekana kwa macho ungali na chembe ndani ya mwili. Zinamalizwa kwa dawa ya pili, na ya tatu, na zote munganga alizozihesabu. Katika nchi zenye mali, watoto karibu 9 kati ya 10 wanapona ugonjwa huu kabisa. Kwetu ni wachache kuliko hao, na sababu mbili kubwa ni kuchelewa kuja na kuacha dawa katikati.

Siku ya kurudi imeandikwa kwenye karati ya mutoto. Kabla ya kuondoka, muuguzi aisome kwa sauti mbele ya wote wawili, baba na mama, na muzee mumoja wa kanisa aiandike kwake. Hata kama mutoto anaruka na kucheza mupira, siku ni ileile. Franka za safari ya kurudi ziwekwe pembeni leo, kwa mutu ambaye hatazikopesha. Mvua ikiwa kubwa na daraja limekatika, muondoke siku mbili mbele. Mukifika mapema tuna mahali pa kulala nyuma ya jiko, na kuni ziko.